Nzi wa Embe Hajui Mpaka wa Shamba

Nzi wa matunda anayeharibu embe za Makueni na Kitui ni mgeni kutoka Asia. Alitambuliwa Kenya mwaka 2003, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wanasayansi leo humwita Bactrocera dorsalis. Ukambani, ambako mwembe huzaa hata mahindi yanapokauka, uharibifu wake unagusa karo na chakula cha familia. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza embe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu yake, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Watafiti wamekwisha kutupatia zana za kutosha za kumdhibiti. Linalopungua ni ugani wa kuwaunganisha wakulima wa eneo zima wazitumie kwa wakati mmoja.

Sababu ya kuhitaji umoja huo iko katika maisha ya mdudu mwenyewe. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Mabuu hula nyama ya tunda, kisha hutoka na kujichimbia ardhini, ambako hugeuka kuwa nzi wapya. Anayepulizia dawa juu ya matunda hayafikii mayai wala mabuu, ila huwaua wadudu wenye manufaa. Tena jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, na msimu wa embe ukiisha nzi hawa huhamia kwenye mapera, machungwa na hata matunda ya mng'ongo wa porini. Kwa hiyo shamba lililosafishwa vizuri huvamiwa upya kutoka kwa jirani ambaye embe zake zimeoza chini ya mti.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimehimiza njia kadhaa zifuatwe kwa pamoja. Mtego wenye methili eujenoli huwavuta madume na kuwaua, lakini hauwagusi majike, ndiyo maana huhitajika pia chambo cha protini, chakula ambacho jike hukitafuta ili mayai yake yakomae. Chambo hicho hupuliziwa sehemu ndogo tu ya majani. Mwaka 2006 kituo hicho kilileta kutoka Hawaii nyigu wadogo wawili, mmojawapo Fopius arisanus, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nzi. Wapo wanaohofu kwamba nyigu hao nao watageuka balaa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini nyigu hawa hutegemea nzi wa matunda ili kuzaliana na hawali mazao. Na iliyo nafuu kuliko zote haihitaji duka: kuokota embe zilizoanguka, kuzifunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuziacha juani mpaka mabuu yafe, au kuzifukia kwenye shimo lenye kina cha nusu mita.

Mkulima atauliza: kwa nini nitumie pesa na jasho ilhali wakati wa mavuno bei huporomoka? Swali hilo ni zito. Lakini tunda lenye funza hukataliwa hata na kiwanda, na kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba, Makueni, kilichoanza kazi mwaka 2017, hakiwezi kumkomboa mkulima anayeleta embe zilizooza. Wengine husema ujumbe wa simu unatosha, maana maafisa ugani ni wachache. Simu inaweza kukumbusha siku ya kupulizia chambo. Haiwezi kuwapatanisha majirani wawili, mmoja anayeokota na mwingine asiyeokota, wala kukagua mtego na kueleza kwa nini umekuwa mtupu. Kilimo ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Bajeti za Kitui na Makueni ziwaajiri maafisa wa kutosha, ziwape pikipiki na mafuta, na kila kijiji kianze kuokota embe zilizoanguka mapema, msimu unapoanza tu, kabla kizazi cha kwanza cha nzi hakijatoka ardhini.