Mita 60 za Mwenye Kinyungu

Baridi kali ya Juni na Julai ikianza kulegea, akina mama wa Njombe na Makambako huteremka mabondeni na majembe yao. Juu vilimani udongo umekwisha kukauka na mahindi yamevunwa. Lakini chini kabisa, kando ya vijito, ardhi ingali na unyevu. Hapo hulimwa bustani ndogo za mahindi, maharage, viazi na mboga, ambazo wenyeji wa nyanda hizi huziita vinyungu. Hindi bichi linalochomwa kando ya barabara wakati mvua ndiyo kwanza zinaanza, mara nyingi limetoka humo. Ada, madaftari, sare za shule na sabuni ya nyumbani hutoka humo pia. Katika kaya nyingi kinyungu ndicho shamba ambalo mama analisimamia mwenyewe, na mapato yake anajua yeye namna ya kuyagawa.

Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ni sheria nzuri, na ndani yake imeandikwa kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya maji. Mita 60 si umbali mkubwa kwa mtu wa mjini. Ni chini ya urefu wa kiwanja cha mpira. Lakini mabonde mengi ya Njombe ni membamba. Ukipima mita 60 upande huu wa kijito na mita 60 upande wa pili, kinyungu chote kimo ndani, na pengine njia ya kukifikia imo pia.

Ndugu msomaji, tazama vizuri maneno hayo: "shughuli za kudumu". Maharage hukaa ardhini miezi mitatu hivi, kisha bonde hurudi kuwa bonde. Mlingoti hukaa miaka minane, kumi, hata zaidi. Na ukikatwa huchipua tena pale pale kwenye kisiki. Katika hivyo viwili, kipi ni cha kudumu? Hata hivyo, amri ya kuhifadhi vyanzo vya maji inapotangazwa, mara nyingi anayetangulia kuonekana ni yule mwenye jembe mkononi. Mwenye milingoti haonekani, maana aghalabu hakai kijijini. Yuko Dar es Salaam, Mbeya au Dodoma, mwenye mshahara wake. Alinunua ekari chache, akamlipa kijana wa kupanda, na anangoja nguzo na mbao. Inawezekana kabisa kwamba anasoma ukurasa huu.

Simlaumu kwa kupanda miti. Njombe imeishi na miti ya biashara tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa huko mwaka 1949, magome yake yakitolewa dawa ya kutengenezea ngozi. Baadaye ikaja misindano ya mbao na milingoti ya nguzo, na sasa miparachichi imefunika vilima ambavyo jana vilikuwa nyasi. Wengi wamejenga nyumba za bati na kusomesha watoto kwa fedha hizo. Neno langu ni juu ya mahali mti unaposimama. Mlingoti mlimani ni akiba. Mlingoti kwenye chemchemi ni mnywaji asiyelala, mchana na usiku, kiangazi na masika.

Maji hayo yanaendelea mbali. Mto Ruhuji, unaopita katika mji wa Njombe, huteremka hadi bonde la Kilombero. Upande wa Makambako na Wanging'ombe vijito huelekea bonde la Usangu na kuuongezea Mto Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji ya pande hizo mbili hukutana tena katika Mto Rufiji, juu ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Taa inayomulika meza ya mfanyakazi wa Temeke ina uhusiano na chemchemi ya Njombe, ingawa wawili hao hawajapata kuonana.

Je, mwenye kinyungu aliulizwa wakati sheria ilipokuwa ikiandikwa? Miswada ya zama hizo iliandikwa kwa Kiingereza. Ilikuwa mwezi Februari 2021 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Kwa miaka mingi, basi, mama wa Makambako aliyetaka kutoa maoni yake alihitaji kwanza mfasiri, kisha nauli.

Na nauli yenyewe si ndogo, wala muda si mrefu. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika. Hapo ndipo pana mlango: Kamati huweza kuwaita wananchi na wadau waje waseme. Mlango huo hufunguliwa kwa siku chache tu. Muswada ukirudi ukumbini kusomwa mara ya pili, wanaosema ni wabunge peke yao. Mjumbe atokaye Makambako hupanda basi hadi Iringa, kisha hushika barabara ya Dodoma na kupita juu ya ukingo wa bwawa la Mtera. Akitazama dirishani ataona maji ambayo sehemu yake ilitoka kwao. Sidhani kama yuko shahidi mwingine anayefika mbele ya Kamati akiwa ameupitia ushahidi wake njiani.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Dodoma si mahali pekee panapotungwa sheria. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilivipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano wa kijiji hujadili, halmashauri ya juu yake huidhinisha. Katika miaka ya 1990 mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Mazingira, uliosaidiwa na Denmark, ulifanya kazi katika wilaya za Iringa, Njombe na Makete kwa kuanzia huko chini. Watu walikaa, wakatazama vyanzo vyao, wakapanga matumizi ya ardhi, wakapanda miti. Jambo la maana hapo ni kwamba kijiji kinajua jina la kila chemchemi. Kinajua ipi imepungua tangu milingoti ilipopandwa, na ni bonde lipi linaloweza kulimwa bila kuguswa jicho la maji. Mkutano wa kijiji waweza kusema: hapa ng'oa mlingoti, weka mivengi na mikuyu, miti rafiki wa maji, pale lima kwa matuta, usichome moto, usilime hadi ukingoni.

Wenzetu wa Kenya walipambana na jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe kando ya mito. Miaka 20 kabla ya hapo, Novemba 1989, Bunge la nchi hiyo lilimkejeli Wangari Maathai kwa kuupinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Mnara haukujengwa. Bustani ingali ipo.

Suala la vinyungu nalo limekwisha kusikika ndani ya ukumbi wetu wa Bunge, kwa vinywa vya wabunge wa Iringa na Njombe. Wala ombi lenyewe halihitaji kubomoa sheria. Sheria ya 2004 ilimpa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanywa ndani ya zile mita 60 bila kuharibu maji. Mwongozo unaotenganisha tuta la maharage na shamba la milingoti, ukaandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi ya kila kijiji, ungemwezesha mama kujua pa kulima na pa kuacha. Vilevile ungemfikia mwenye ekari zake aliyeko mjini, ambaye kwa simu moja kwa msimamizi wake angeweza kuanza kuondoa visiki kwenye jicho la maji.

Kwa kawaida mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Wabunge wanapofunga mizigo yao Dodoma, akina mama wa Njombe na Makambako ndio kwanza wananoa majembe ya kushukia bondeni.