Soo Yako ya Karura Inaishia Wapi?

Kama umelelewa Nai, hauna gari, hauna klabu ya wazito, na keja ni singo ya mabati ama ghorofa ya tano bila veranda, unajua venye mahali pa kupumua ni chache. Kwa wasee mob, form imekuwa Karura. Unashukia Limuru Road ama Kiambu Road, na 2025 ulikuwa unawacha soo moja kwa geti, siku mzima ni yako. Hekta zaidi ya 1,000 za miti ndani ya jiji, maporomoko ya maji, mapango yenye Mau Mau walikuwa wanajificha, mbega wakiruka huko juu na mikia yao nyeupe. Mbogi ya watu sita ilikuwa bob 600. Mkibeba chapo na ndengu kwa mkebe, mmeiva. Hakuna weita anakuja kuwauliza mnaagiza nini, na hakuna soja anawaambia msikae hapo.

So bei ya msitu ikiguswa, sisi ndio tunaguswa wa kwanza.

Mwisho wa Agosti 2025, Kenya Forest Service, hao KFS, walisema doo yote ya kuingia Karura ilipwe kupitia eCitizen. Hapo nyuma, KFS walikuwa wanaendesha huo msitu pamoja na Friends of Karura, chama cha jamii chenye kilianza 2009, na chapaa ya geti ilikuwa inafanya kazi hapo hapo ndani. Sirkal ilikuwa ishatoa amri huduma zake zote zilipiwe njia moja, Paybill 222222, na KFS wakasema wanafuata hiyo amri. Friends of Karura wakakataa, wakasema hawakuhusishwa. Watu wakaingia barabarani na mabango, na mambo ikafika hadi kortini.

Kabla hiyo moto izime, 1 Oktoba 2025, wenye wanasimamia mbuga za wanyama nao wakapandisha. Nairobi National Park, raia mtu mzima alikuwa analipa 430, ikawa 1,000. Piga hesabu na ile mbogi yako ya watu sita: kutoka 2,580 hadi 6,000, na bado hamjakodi gari, juu huko hauingii na miguu. Kwa msee wa mjengo, hiyo si form tena. Msitu ndio imebaki mahali pa mtu wa kawaida, na hii ndio inanifanya niwe mkali nikisikia mtu anashika shika hizo bei bila kubonga na wenyewe.

Kulipa na simu sina noma nayo. Kesh kwa geti ina mikono mob, na risiti ya simu haipotei njiani. Lakini simama kwa geti yoyote ya msitu asubuhi ya Jumapili ucheki. Kijana mwenye smati anamaliza haraka anaingia. Nyuma yake kuna mzee na kabambe, anaulizia kama kuna mtu anaweza kumlipia halafu yeye ampe doo mkononi. Kando kuna mathe na watoto watatu, bando imekata, mdogo ashaanza kulia, na soo zake amezikunja vizuri kwa leso. Doo ako nayo. Njia ya kuilipa ndio hana. Ukiondoa kesh kwa geti, weka mtu hapo mwenye kazi yake ni kusaidia watu kama hao. Hiyo si kazi ngumu.

Lakini swali kubwa kwangu ni hii: hiyo soo ikishaingia huko juu kwa sirkal, inarudi lini kwa msitu?

Waulize watu wakubwa. Karura kitambo ilikuwa mahali pa kuogopwa. Ungeibiwa, ungepatwa na mambo mbaya zaidi, na maiti zilikuwa zinaokotwa huko. Mzazi hangekubali mtoto apite hata kando. Kilichobadilisha ni waya ya stima iliyozungushwa msitu, na maskauti wa jamii wenye wanatembea hizo njia kila siku. Kati yao kuna vijana wa Huruma, ile ya kando ya msitu, si ile ya Eastlands. Yaani kijana wa mtaa wenye ungesemwa ndio shida ya msitu, ndio akapewa kazi ya kuulinda. Mshahara wake, waya ikikatika, daraja ikioza, hiyo yote inataka doo, na inaitaka leo, si bajeti ya mwaka ujao. Ukibeba pesa ya geti ukaipeleka mbali halafu ianze kurudi kwa barua na mihuri, mwenye ataumia kwanza ni huyo skauti, halafu ni dem mwenye hukimbia huko peke yake saa kumi na mbili asubuhi bila kuangalia nyuma.

Na huo msitu haukubaki hapo kwa bahati. Miaka ya mwisho ya tisini, ulikuwa unakatwa vipande, vinapewa wajenzi wenye majina makubwa. Wangari Maathai akaenda kupanda miti. 8 Januari 1999, majamaa wa kukodishwa wakamshambulia yeye na wenzake, wakampasua kichwa. Alipoenda kuripoti kwa polisi, alisaini na damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa campo wakaingia barabarani kwa sababu ya huo msitu, wasee wa umri wako na wangu. Agosti ya mwaka huo huo, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kwa hivyo mtu asitubongeshe kama wateja tu wenye wamekuja kununua hewa. Kizazi cha nyuma kililipia hiyo geti kabla iwekwe.

Sheria nayo iko upande wetu. Katiba, kifungu cha 69, inaambia dola ihimize wananchi washiriki kusimamia na kulinda mazingira. Sheria ya misitu ya 2016 inapatia vyama vya jamii nafasi ya kuendesha misitu pamoja na KFS. Hiyo ni haki, haiombwi kwa magoti.

Wenye mnapenda kulala nje na hema, nyinyi ndio mnafaa kuwa macho zaidi, juu kempi ina bei juu ya bei. Kuna kiingilio, kuna ya kulala, na hiyo ya kulala huhesabiwa kwa kichwa na kwa usiku. Gari inaweza kuwa na yake. Kuna mahali kama Ngong Hills penye watu hutembea na askari wa msitu, na huyo pia ni wa kulipwa. Halafu VAT, asilimia 16. Hapo ndio mpango wa wikendi huchomekea kwa grupu ya WhatsApp: mmoja alisema bei ya mwaka jana, wengine wakatuma doo ya mwaka jana, na jioni iko karibu. Piga simu kwa ofisi ya msitu kabla hamjachanga, uliza kama bei imeshika VAT, na usimpatie mtu yeyote kesh bila risiti, hata akivaa uniform aje.

Mimi nasema soo ni bei ya haki, na kama gharama imepanda, tuelezwe, tutaongeza. Watu wa hii city si wachoyo na kitu wanaipenda. Lakini iandikwe wazi, hapo kwa geti, kwa ubao wenye mtu anaweza soma: mwezi huu imeingia ngapi, imebaki msituni ngapi, imelipa nani. Na wanafunzi na watoto wa mitaa ya kando wawekewe bei yao.

Sasa wewe. Tafuta chama cha jamii cha msitu wenye uko karibu na kwenu, iwe Karura, Ngong Road ama Ngong Hills, ujiunge. Tangazo la kukusanya maoni kuhusu ada likitoka, usili-share tu na emoji ya hasira. Andika maoni yako, peleka kabla ya siku ya mwisho, na siku ya mkutano, tokea na mbogi yako.