Bukavu: Mtoto mchanga alale wapi usiku, kitandani ama kando?

Mama anapotoka maternite na mtoto wa siku mbili, vitu vingi huwa tayari: beseni, vikwembe, termosi ya chai. Swali la mahali mtoto atalala huja usiku wa kwanza, wakati kila mtu amechoka. Katika nyumba nyingi za Kadutu, Panzi ama Bagira, jibu ni lile lile: katikati ya baba na mama, ndani ya kitanda kimoja. Chumba ni kidogo, ziwa liko karibu, na baridi ya usiku haina huruma katika mji huu ulio karibu mita 1.500 juu ya bahari.

Desturi hiyo ina sababu zake. Mtoto aliye karibu hunyonya mara nyingi zaidi, na mama humsikia haraka anapokohoa. OMS yenyewe inataka mama na mtoto wakae chumba kimoja usiku na mchana tangu maternite. Nao madaktari wa watoto wa Marekani, katika mashauri yao ya mwaka 2022, wanaomba mtoto alale katika chumba cha wazazi kwa angalau miezi 6, lakini awe na mahali pake mwenyewe pa kulala. Yaani awe karibu na mkono wa mama, asiwe chini ya bega la baba.

Mtoto wa wiki chache hana nguvu ya kujiokoa pua ikizibwa na mto, blanketi ama godoro linalobonyea. Hatari huongezeka kama aliyelala naye amekunywa kasiksi ama Primus, kama ni mvutaji sigara, ama kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au na kilo chini ya 2,5. Kubaya kuliko kote ni kwenye kiti cha saluni. Mama anayeketi hapo saa nane za usiku ili anyonyeshe, usingizi ukimchukua, mtoto huteleza kati ya mkono wake na mgongo wa kiti. Heri anyonyeshee kitandani.

Kwa hiyo wazazi wengine hutafuta kitanda kidogo cha kando: kina kuta tatu, na upande wa nne uko wazi, umeegemea kitanda cha mama. Kile cha dukani huja na mikanda ya kukifunga. Seremala anaweza kutengeneza kingine kwa mbao, lakini vipimo ndivyo vinavyookoa maisha, si uzuri wa mbao. Magodoro mawili yawe na kimo kimoja, miguu ya vitanda ifungwe pamoja, na kati yao pasibaki nafasi yoyote. Nafasi hiyo haizibwi kwa kikwembe kilichokunjwa, maana kitasogea. Fito za kuta zisiachane zaidi ya sentimita 6. Godoro liwe gumu na lienee pembe zote.

Vitanda vingi vya hapa vina ubao wa pembeni unaopita kimo cha godoro. Hapo upande ulio wazi hauna faida. Afadhali kitanda kidogo chenye kuta nne, kikiwekwa pale mkono wa mama unapofika.

Jambo linalosahauliwa sana ni chandarua. RDC ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na wamama wajawazito hupewa chandarua katika CPN. Kitanda cha kando kikiongeza nusu mita, chandarua kilichotosha jana kinaweza kisifike chini leo, ama kikalala juu ya uso wa mtoto. Kipimwe kabla ya kumlipa seremala.

Asiye na uwezo wa kununua mbao hajafungiwa njia. Huko New Zealand, tangu mwaka 2006, Wamaori husuka kikapu kiitwacho wahakura: kina sakafu bapa na kuta fupi, na huwekwa juu ya kitanda cha wazazi ili mtoto awe nao bila kulaliwa. Kivu haikosi wasusi wa vitunga. Ila kitunga chenye sakafu ya mviringo hakifai, kwa sababu mtoto hukunjama na kidevu hushuka kifuani.

Na familia isiyo na lolote ila kitanda kimoja? Mtoto alazwe chali upande wa mama, mbali na baba na wakubwa zake. Mito na blanketi nzito visimkaribie. Ukingo usielekee sakafu tupu wala ufa wa ukutani. Godoro likishushwa chini, mbali na ukuta, anguko linakuwa dogo.

Inabaki baridi. Wengine huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango na dirisha, wakidhani makala yakishawaka vizuri hayadhuru tena. Gesi yake haina rangi wala harufu, na huua nyumba nzima kabla ya asubuhi. Mtoto huvalishwa nguo moja zaidi ya ile ya mama. Akihitaji joto zaidi, hulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mama akiwa macho. Mbabula inalala nje.