Injini Huibwa Majini, Huuzwa Nchi Kavu

Ikonda iko juu milimani, wilayani Makete, na haina mwalo wala boti. Mkazi wake akiuliza sheria ya injini za boti zilizoibwa inamhusu nini, jibu liko barabarani. Mkoa wake wa Njombe unagusa Ziwa Nyasa kule Ludewa, kwenye vijiji kama Lupingu na Manda. Injini ndogo ya mtumbwi hubebeka begani mwa mtu mmoja. Ikishapanda mlima, hupita Itoni, na kufika Makambako, ambako barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iko karibu. Mwizi haibi injini ili aende kuvua, anamtafuta mnunuzi. Kwa hiyo nashikilia kwamba sheria hizi zipimwe kwa jinsi zinavyomfikia mnunuzi, kabla ya kuhesabu miaka anayofungwa mwizi.

Ziwa Victoria linatosha kuwa ushahidi. Kwa miaka mingi majambazi wamewapora wavuvi wa Tanzania, Kenya na Uganda injini na nyavu, ingawa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 287A, inamfunga mnyang'anyi mwenye silaha kwa miaka isiyopungua 30. Adhabu hiyo ni kali kwelikweli, ila humpata aliyetambuliwa, na usiku majini nani anamtambua nani? Mnunuzi yuko dukani, mchana. Kifungu cha 311 kinamtia hatiani anayepokea au kubaki na mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ya kutupa, namba iliyosagwa kwa tupa, muuzaji asiye na karatasi: hizo ndizo sababu za kuamini.

Wapo watakaosema sheria hiyo itamwonea mvuvi maskini anunuaye injini kuukuu bila risiti. Hoja ina uzito, maana biashara yetu nyingi ni ya mdomo. Lakini mahakama haimfungi mtu kwa kukosa risiti peke yake. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 94 ya 2007 iliyotoka Mbeya, iliweka masharti manne kabla ya kumhukumu mtu kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: iwe imekutwa kwake, iwe ya mlalamikaji bila shaka, iwe imeibwa kwake karibuni, na iwe ndiyo inayotajwa kwenye shitaka. Sharti la pili laweza kuangusha kesi, kwa kuwa mwenye mali hutakiwa kutaja alama zake kabla ya kuonyeshwa. Namba hurahisisha kazi hiyo: Marekani ilianza mwaka 1972 kudai kila boti inayotengenezwa iwe na namba ya utambulisho kwenye kiunzi. Kwetu mvuvi anaweza kuandikisha namba ya injini kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na sehemu ilikochomelewa. Na kama iliibwa upande wa Malawi? Anayeipokea Njombe bado anashitakiwa hapa, kwa sababu kupokea mali iliyoibwa nje ya nchi nako ni kosa.