WANAOBEBA VIKOPO VYA CHOO ILI SISI TUPONE

Nikuulize msomaji wangu, na unijibu kwa moyo safi. Ukipewa kikopo cha plastiki, ukaambiwa kesho asubuhi ukirudishe kikiwa na choo chako ndani, utakipokea? Mimi nilikikataa. Tena sikuambiwa nitie cha kwangu. Niliambiwa nikakusanye vya wenzangu, na nilipwe.

Ilikuwa mwaka 2018. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya kusuasua, kutwa nimekaa barazani nahesabu watalii wanaopotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Jirani yetu mmoja, mtu mzima wa mambo ya afya, akanihurumia. Akaniambia kuna kibarua cha mwezi mmoja huko shamba: unafuatana na watu wa utafiti, unagawa vikopo nyumba kwa nyumba, unaandika majina, asubuhi unapita kuvikusanya. Pesa si mbaya.

Nikasema nitafikiria. Usiku ule nikaenda kunywa kahawa Jaws Corner, nikafanya kosa la kuwasimulia washikaji. Basi bwana! Kabla kikombe hakijaisha nilishapewa jina: Bwana Choo. Asubuhi nikamwambia jirani yangu kuwa naumwa mgongo. Nafasi akapewa kijana mwengine. Leo yule kijana ana stashahada ya maabara, na mimi ndiye huyu unayenisoma.

MCHANGO WA MJOMBA WANGU

Ningeyasahau yote hayo kama si mwaka 2021. Dada yangu ameolewa shamba, kusini ya Unguja. Mwanawe, ambaye sisi kwa mapenzi tunamwita "mjomba", alikuwa na miaka saba. Mtoto alikuwa mwepesi kama kidagaa, akaanza kupoa. Chuoni analala juu ya juzuu, anakula bakora. Akicheza mpira anakaa kitako katikati ya kiwanja. Halafu dada akamfuma nyuma ya nyumba anakula udongo.

Bibi yetu alimtazama viganja na kope za ndani akasema, "Huyu ana mchango." Akachemsha mizizi yake. Majirani wakasema amechezewa. Mimi nikasema ana uvivu, na hilo najuta mpaka leo.

Spitali walimtoboa kidole, damu ikawa ndogo mno. Wakapima choo. Minyoo ya safura! Vidudu hivi vinaishi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, vinaingia kwenye ngozi ya mguu mtupu, vinasafiri na damu mpaka mapafuni, vinapanda kooni, vinamezwa, na mwisho vinajishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Mtoto akapewa vidonge vya minyoo na dawa ya kuongeza damu. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatukimbiza sisi.

Kumbe bibi hakukosea sana. Mchango ndio minyoo yenyewe. Alichokosa bibi ni darubini.

Ndipo nikaanza kuuliza: hii darubini ilifikaje kwetu? Ni nani waliokaa wakasema kazi yetu katika maisha ni matumbo ya watoto wa Unguja na Pemba? Nilichokikuta ni hadithi ambayo ingefaa kutiwa kwenye filamu, ila watu wa filamu nao wanaona haya.

MJANE WA MILANO

Alikuwapo profesa mmoja wa Kitaliana, Ivo de Carneri, akisomesha elimu ya vimelea katika Chuo Kikuu cha Pavia. Vimelea ndio hao wadudu wanaokula kwa jasho la mwenzao. Profesa huyu alifika Pemba miaka ya themanini, wakati kisiwa kina mpango wa kupambana na kichocho, akaona jambo moja lililomkera: kila kitu kinachotaka kupimwa vizuri lazima kivuke bahari. Ndoto yake ikawa maabara papo hapo Pemba, na vijana wa papo hapo wasomeshwe kuiendesha.

Mwaka 1993 akafariki, na maabara haijajengwa.

Kwetu mume akifa mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na baadaye kila mtu humwambia atulie alee watoto. Mke wa profesa, Bi Alessandra Carozzi de Carneri, hakutulia. Mwaka 1994 aliasisi wakfu kule Milano kwa jina la marehemu mumewe, na akauongoza kwa miaka mingi. Hebu piga picha: bibi wa mjini, mji wa mitindo ya nguo na viatu vya bei, anabisha hodi kwa matajiri anaomba fedha. Za nini, mama? Za kuchunguza choo cha watoto wa kisiwa ambacho wengi wao hawawezi kukionyesha kwenye ramani.

Mimi nilishindwa na kejeli za watu watano wa baraza moja. Yeye alizungumza habari hizo kwenye kumbi za heshima mpaka akazipata fedha. Juni 2000 milango ya Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ikafunguliwa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar.

WENYEJI NDIO WENYE KAZI

Sasa usije ukadhani hii ni ile hadithi ya Mzungu kuja kutuokoa. Mjane alitafuta fedha, lakini hakukaa yeye kwenye darubini. Waliokaa ni watu wetu. Jina ambalo utalikuta kwenye tafiti nyingi za hapo ni la Said Mohammed Ali, Mzanzibari aliyeiongoza maabara hiyo kwa miaka mingi. Pamoja naye wamo kina Shaali Ame, na madaktari wa Kitaliana kama Marco Albonico, ambaye alianza kuandika juu ya minyoo ya Pemba tangu miaka ya tisini, kabla jengo lenyewe halijasimama.

Na walichokikuta si mchezo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1997, watoto wa skuli 3,595 wa Pemba walipimwa. Zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa na upungufu wa damu. Katika wale ambao damu yao ilikuwa ndogo kupita kiasi, karibu robo tatu ya tatizo ilibebeshwa minyoo ya safura. Ukisoma hayo unajiuliza ni watoto wangapi waliokula bakora kwa "uvivu" ambao ulikuwa tumboni mwao. Mjomba wangu alikuwa na wenziwe wengi, na walimtangulia kwa robo karne.

Kuanzia mwaka 1994 Zanzibar iliweka mpango wa kuwapa watoto wa skuli dawa za minyoo. Mwaka 2001 wakuu wa afya wa dunia walipokutana Geneva walipitisha azimio kwamba nchi zenye tatizo hili ziwafikie angalau asilimia 75 ya watoto wa skuli ifikapo 2010. Miongoni mwa waliolipigania jambo hilo ndani ya Shirika la Afya Duniani ni Dakta Lorenzo Savioli, naye alijifunza mengi ya kazi hii Pemba. Kwa hiyo mtoto wa nchi ya mbali anapotafuna kidonge chake darasani, kipo kipande cha Chake Chake mdomoni mwake. Yeye hajui, na sisi tulio jirani hatujui vilevile.

Hapa Unguja nasi tulifikiwa. Oktoba 2001 serikali ilianza kugawa vidonge vya matende kwa visiwa vyote, nyumba kwa nyumba, kila mwaka. Vilikuwa vya aina mbili, ivermectin na albendazole, na hiyo ya pili ndiyo hiyohiyo inayopiga minyoo. Mama yangu anakumbuka: alimeza kwa ajili ya miguu, likashukuru tumbo.

DAWA ILIPOANZA KUCHOKA

Kiongozi mzuri humjui siku mambo yanapokwenda vizuri. Mwaka 2003 watafiti wa Pemba walitoa habari isiyopendeza: mebendazole, dawa iliyokuwa ikitolewa skuli kwa miaka, ilikuwa dhaifu mbele ya safura. Wangeweza kunyamaza. Wafadhili wanapenda habari njema. Wao waliiandika, ikasomwa duniani.

Na minyoo ya mjeledi, ile myembamba kama uzi, ndiyo sugu zaidi. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Pemba pamoja na wataalamu wa Uswisi. Walijaribu emodepside, dawa ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa kutibu paka na mbwa. Katika watu 30 waliopewa dozi ndogo ya miligramu 5, 25 walionekana hawana tena mayai ya minyoo ya mjeledi. Katika 30 waliopewa albendazole tuliyoizoea, ni watano tu. Mchezo umebadilika, na umebadilikia kwetu! Bado dawa inahitaji majaribio zaidi kabla ya kukufikia, kwa hiyo usikimbilie dawa ya paka wa jirani.

Lakini vidonge peke yake havitoshi. Unaweza kumsafisha mtoto Jumatatu, kama nyumbani hakuna choo cha maana akaokota minyoo mipya kwenye udongo uleule. Tumbo linataka choo, maji safi, sabuni na viatu. Wenye umri wangu tunakumbuka 2016, kipindupindu kilivyotubana mpaka skuli zikafungwa na uuzaji wa chakula na juisi njiani ukapigwa marufuku. Na miaka saba kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2009, maelfu ya watu wa Unguja na Pemba walikunywa chanjo ya kipindupindu. Utafiti ulioongozwa na Mzanzibari, Ahmed Khatib, ukaonyesha mwaka 2012 kuwa waliokunywa dozi zote mbili walipata kinga ya asilimia 79, na hata majirani wasiokunywa walinufaika. Ila chanjo ina muda wake, na choo kibovu hakina muda.

AIBU INAUA

Liko swali linalonikosesha usingizi. Wakfu uko Milano, wataalamu wengine wako Uswisi. Siku fedha za nje zikikauka, nani atashika kikopo? Wakubwa walioanza kazi hii sasa wana mvi. Na sisi vijana wa mjini kila mmoja anataka kuwa msanii, au kuongoza watalii, au kukaa ofisini chini ya kiyoyozi. Kazi ya choo tunaiachia "mtu mwengine". Huyo mtu mwengine ni nani, yakhe?

Nikwambie kilichonipata mwaka jana. Nilikwenda kwa dada, nikakuta watu wa afya wanapita kwenye shehia yao na vikopo. Shemeji kajifungia chumbani. Dada anacheka chinichini, haya zimemjaa. Mjomba wangu, sasa ana akili zake, akanitazama tu. Nikanyoosha mkono nikakipokea kikopo. Kijana aliyekuwa akigawa alikuwa mdogo kuliko mimi. Aliniandika jina kwa kalamu ya wino mzito, akaniambia, "Ahsante kaka, kesho saa moja." Hakucheka.

Asubuhi nikakirudisha kimefungwa vizuri. Majibu yakaja: minyoo ya mjeledi. Mimi, mtoto wa Mji Mkongwe, mvaa raba nyeupe, mla uroja wa Forodhani! Nikapewa dawa yangu na kuambiwa nioshe mikono na mboga mbichi.

Juzi nikawasimulia tena pale Jaws Corner. Walicheka, watu walikaribia kumwaga kahawa, na lile jina langu la zamani likarudi. Sikujali. Tulipoondoka mmoja wao, yule aliyelitunga, alinifuata mpaka kichochoro cha nyumbani. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Sheikh, hivyo vikopo vinapatikana wapi?"

Nilimwambia aende kituo cha afya, asione haya. Kesho yake nilimsindikiza.