Nchi Jirani: Meno ya Tembo na Ushahidi wa Vinasaba



Kwa muda mrefu, kila shehena kubwa ya meno ya tembo ilipokamatwa ng'ambo, nchi zetu za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilipata sababu ya kutupiana lawama. Nchi ambako kontena lilianzia safari iliweza kusema kwamba mali ile ilipita tu. Nchi yenye bandari iliweza kusema kwamba haikujua kilichomo. Na nchi ambako tembo waliuawa iliweza kukaa kimya, kwa kuwa jino likishang'olewa halina alama ya kwao. Leo tutaeleza jinsi elimu ya viumbe ilivyoleta alama hiyo, na kwa nini alama hiyo ni bure iwapo askari wa kwanza kufika hakutimiza wajibu wake.

Tuanze na mfano. Mwaka 2002, huko Singapore, lilikamatwa kontena lenye tani 6.5 za meno ya tembo. Kontena hilo lilianzia Malawi, likapitia bandari za kusini mwa Afrika. Wapelelezi walidhani kwamba meno hayo yalikusanywa kutoka sehemu nyingi za bara letu. Uchunguzi wa maabara, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2007, ulionyesha vingine: tembo wale walikuwa wa mbugani, na wengi walitoka katika eneo ambalo kitovu chake ni Zambia. Basi nchi ya kusafirishia haikuwa nchi ya kuulia.

Je, maabara yalijuaje? Ndani ya chembe hai za kila mnyama mna uzi mwembamba mno uitwao DNA, ambao hubeba maagizo ya urithi. Uzi huo ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba, na maagizo yake yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Kwa hiyo mwenye uzi mmoja anaweza kuujua wa pili.

Tatizo ni kwamba DNA iliyomo katika jino kavu ni haba, na mara nyingi imechakaa. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana mwaka 1983, wakati mwanakemia Kary Mullis wa Marekani alipobuni njia ya kunakili DNA, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kimiminika chenye DNA hupashwa moto hadi nyuzi joto 95 hivi, na zile nyuzi mbili huachana. Kisha hupoozwa, na vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa makusudi hujishikiza mahali panapotakiwa kunakiliwa. Halafu kimeng'enya hujenga uzi wa pili, herufi baada ya herufi. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Mzunguko huo ukirudiwa mara 30, kipande kimoja kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja kwa muda wa saa chache tu.

Kimeng'enya hicho kinachostahimili joto kilitoka kwa bakteria aliyegunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Siku hizi hakichotwi huko. Jeni yake imepandikizwa katika bakteria wa kawaida wanaofugwa maabarani, nao hukizalisha kwa wingi. Huo ndio uhandisi wa jeni.

Lakini kusoma herufi za jino hakutoshi bila kitu cha kulinganisha. Mwanasayansi Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia zaidi kinyesi cha tembo, kilichookotwa katika nchi 29 za Afrika, kutengeneza ramani ya vinasaba. Tembo wa eneo moja ni ndugu, na herufi zao hufanana kuliko za tembo wa mbali. Kwa ramani hiyo, asili ya jino hukadiriwa kwa umbali wa kilomita 300 hivi.

Mwaka 2015 wataalamu hao walitangaza kwamba meno mengi ya tembo wa mbugani yaliyokamatwa katika shehena kubwa baada ya mwaka 2006 yalitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani Selous na Niassa. Habari hiyo ilikuwa chungu kwetu, lakini hesabu ya tembo iliafikiana nayo: Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 walibaki 43,000 tu. Mwaka 2018 ilielezwa tena kwamba meno mawili ya tembo mmoja yalikutwa katika shehena mbili mbalimbali, zilizopita bandari moja katika muda usiozidi miezi 10. Hivyo kesi zilizodhaniwa kuwa mbili zikaonekana kuwa za mtandao mmoja.

Ndugu askari, sifa ya njia hii ndiyo hatari yake. Mashine hunakili chochote inachopewa. Vumbi la jino moja likigusa jingine, au msumeno ukitumika bila kusafishwa, nakala zitakuwa za mchanganyiko, na wakili wa mtuhumiwa atakuwa na la kusema. Tena, DNA hutaja alikotoka tembo; haimtaji aliyefyatua risasi wala aliyelipa nauli ya kontena. Hilo bado ni kazi ya mpelelezi.

Kwa hiyo kila jino lipewe namba yake palepale lilipokamatwa, vielelezo vitiwe lakiri, na kila mkono unaopokea uweke sahihi na saa. Kisha sampuli zifike maabarani mapema, pasipo kujali kwamba huenda zikaitaja nchi ya jirani, au yetu wenyewe. Majangili hawajali mto Ruvuma ni mpaka wa nani. Ujirani mwema katika jambo hili ni kupeana matokeo yote, yanayofurahisha na yanayoaibisha.