Kabla ya Kufunga Mzigo: Jiko, Jenereta na Mashine ya Kuoshea

Masoko ya tumbaku yakiisha na fedha zikiingia, nyumba nyingi za kwetu Tabora huwa na mashauri ya usiku. Baba ataka jenereta, ili nyumba iwe na taa na watoto watazame televisheni. Kijana mwenye pikipiki ataka mashine ya kuoshea kwa nguvu ya maji, kama ile aliyoiona mjini. Mama naye asema arusi na komunyo ya kwanza zakaribia, basi lipatikane jiko kubwa la kuchomea nyama. Vyote ni vitu vizuri. Lakini fedha hizo ni za mwaka mzima. Ndani yake zimo sare za shule, mbolea ya msimu ujao na dawa za wagonjwa.

Mimi ni karani wa parokia, si fundi. Lakini nilikwisha kununua jenereta kwa pupa, nikajuta, tena nusura niwapoteze watoto wangu. Ndiyo sababu nakuandikia.

WAPAGAZI WALIPIMA KWANZA

Hapo kale njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora yetu, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke walifika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857. Stanley naye, mwaka 1871, alitembea karibu miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Tena kabla ya kufika Unyanyembe iliwapasa kuvuka pori la Mgunda Mkali, ambamo maji na chakula vilikuwa shida.

Basi mpagazi mwenye akili hakuutazama mzigo peke yake. Alifikiri pia atakula nini njiani. Nasi yafaa tufikiri hivyo hivyo, kwa maana mashine nazo hula. Jenereta hula petroli. Jiko hula mkaa. Mashine ya kuoshea hula umeme na maji. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini chakula cha mashine hulipwa kila siku, na kuna mtu wa nyumbani anayekibeba kichwani. Tuvitazame vitu hivi kimoja kimoja.

JIKO LA KUCHOMEA NYAMA

Huna haja ya kuagiza jiko la mbali. Mafundi wetu wa kuchomelea hulikata pipa nusu kwa nusu, wakalitia miguu na wavu, likawa jiko zuri. Lakini muulize fundi: pipa hili lilibeba nini? Kama lilibeba dawa za kuulia wadudu wa tumbaku au kemikali nyingine, likatae kabisa, hata akikuapia kwamba limeoshwa. Mabaki ya sumu hayaonekani kwa macho.

Utazame na wavu. Chuma kilichopakwa zinki, kile kinachong'aa kama bati jipya la paa, hutoa moshi wenye sumu kikipata moto mkali. Afadhali nondo nyembamba za chuma kitupu, zisuguliwe vizuri, au chuma cha pua kama uwezo upo. Pipa liwe nene, maana bati jembamba huliwa na moto upesi. Liwe na matundu chini ya kupitishia hewa, na miguu minne iliyosimama imara, hata mtoto akilisukuma lisipinduke. Nalo likae uani, mbali na paa la nyasi.

Tena nyama iive. Zaidi sana nyama ya nguruwe: ikate katikati uione, ikiwa bado nyekundu irudishe motoni. Nyama ya nguruwe isiyoiva yaweza kumpa mtu mnyoo tegu tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka katika choo cha mgonjwa, na yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu au maji machafu, huweza kufanya vifuko katika ubongo na kuleta kifafa. Basi jiko liendane na choo bora na sabuni ya kunawia.

Lakini jiulize: nyama ya watu wengi waichoma mara ngapi kwa mwaka? Kama ni Krismasi, Pasaka na arusi moja, kwa nini kila nyumba iwe na jiko lake kubwa? Jumuiya moja yaweza kuchanga, jiko likazunguka nyumba kwa nyumba. Fedha iliyobaki nunua jiko dogo la kila siku, lile lenye udongo wa kuchomwa ndani. Hilo hushika joto na kula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Misitu yetu ya miombo imekatwa sana kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na penye miti michache nyuki nao hupungua. Mwenye kuokoa gunia la mkaa ameokoa fedha zake, na asali ya wajukuu pia.

JENERETA

Hapa nakuomba usome taratibu. Kwanza, ujue unachohitaji. Vifaa vya umeme huandikwa nguvu zake kwa wati. Taa tano za kisasa za wati 9 ni wati 45. Televisheni ndogo ni wati 60 hivi. Redio 15. Simu nne zikichajiwa pamoja, 40. Jumla ni wati 160 tu! Friji dogo hutumia kama wati 120 likiwa linakwenda, lakini wakati wa kuanza hutaka nguvu mara tatu au zaidi. Pasi hutaka wati 1,000 au zaidi. Basi andika vifaa vyako katika karatasi, ujumlishe, ndipo uende dukani.

Pili, usidanganywe na namba kubwa iliyobandikwa ubavuni. Jenereta ina nguvu mbili: nguvu ya juu, ambayo huiweza kwa muda mfupi, na nguvu ya kudumu, ambayo ndiyo ya kazi. Nunua kwa hiyo ya kudumu. Tena Tabora iko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200, na hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo injini hupungukiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, au zaidi kidogo. Iliyotosha Dar es Salaam huenda isitoshe hapa.

Tatu, upime chakula chake. Jenereta ndogo ya wati 2,000, ikibeba nusu ya mzigo wake, hula petroli karibu lita moja kwa saa. Washa saa nne kila jioni, basi ni lita nne, na kwa mwezi ni lita 120. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, lakini ukinunua ya chupa kijijini hulipa zaidi. Zidisha mwenyewe, umwonyeshe mwenzio wa nyumbani hesabu hiyo kabla hamjalala. Kama haja yenu ni taa, redio, televisheni ndogo na simu, huenda paneli ya jua pamoja na betri yake ikatosha, na jua la Unyamwezi haliuzwi kwa lita. Na kama nguzo za umeme zimekwisha kufika kitongoji chenu, ulizeni kwanza gharama ya kuunganishiwa. Petroli ya miezi michache yaweza kuizidi.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka nilionunua jenereta yangu mvua ilinyesha jioni moja. Nikaogopa isilowe, nikaiingiza barazani, karibu na dirisha la watoto, nikaenda kutazama taarifa ya habari. Baada ya muda mtoto wa pili akaja akilia kichwa chamuuma. Mdogo wake akatapika. Mke wangu akasema ni malaria. Nami nikasikia kizunguzungu nilipoinuka. Mama jirani, ambaye ni mwuguzi, alikuja kuazima chumvi. Hakuuliza maneno mengi. Aliizima mashine, akafungua milango yote, akatutoa sote nje katika manyunyu. Kisha akaniambia, "Baba, mngelala humu leo, kesho tungewazika."

Ilikuwa ni kaboni monoksidi. Ni hewa itokayo katika moshi wa injini na katika mkaa unaowaka. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Huingia katika damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hulala moja kwa moja. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa hivyo kwa pamoja, na injini au mkaa unawaka, usingoje: toeni watu nje, kisha mkimbilie zahanati.

Basi jenereta iwe nje, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, na bomba la moshi lielekee mbali na milango na madirisha. Uijengee kibanda chenye paa lakini kisicho na kuta, ili mvua isiipate na moshi utawanyike. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mwezi wa Juni na Julai kwa ajili ya baridi, hata likionekana limekuwa majivu. Blanketi moja zaidi ni bora.

Tano, kama nyumba ina umeme wa gridi, usiunganishe jenereta kwa kuchomeka waya katika soketi ya ukuta. Umeme wako utarudi katika nguzo na kumwua fundi aliyepanda akijua waya umekufa. Mwite fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilisha. Na petroli usiitie mashine ingali moto, wala usiiweke katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu.

MASHINE YA KUOSHEA

Mashine hii ina pampu ya kusukuma maji kwa nguvu nyingi. Ya nyumbani huwa na nguvu ya bar 100 hadi 130 hivi, na hutaka umeme wa wati 1,400 hadi 2,000. Basi ile jenereta ndogo ya taa haitaiweza. Yakupasa uwe na ya nguvu ya kudumu wati 3,000 hivi, yenye bei kubwa zaidi na tumbo kubwa zaidi. Ndivyo kijana wa pikipiki anavyomnunulisha baba yake mashine mbili badala ya moja.

Lakini tazama maji. Mashine hiyo hunywa lita sita au saba kwa dakika. Ndoo ya lita 20 huisha kwa dakika tatu. Kwa saa moja ni ndoo 20. Tabora mjini, Nzega na Igunga maji ya Ziwa Viktoria yalikwisha kufikishwa kwa bomba, lakini vijiji vingi bado hutegemea visima, na kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna. Nani atakayeteka ndoo hizo 20? Si kijana wa pikipiki. Ni mama yake na dada zake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mashine ni nyepesi kwa anayeshika bomba, si kwa anayebeba ndoo.

Kama una bomba uani, au mnataka kufungua kazi ya kuosha pikipiki barabarani, hapo yaweza kufaa. Weka chujio, maana mchanga wa kisimani huiua pampu upesi. Usimwelekezee mtu maji hayo, hata kwa mzaha, kwani hupasua ngozi na kuingia mwilini. Usioshe ukuta wa matofali mabichi, utabomoka. Kwa pikipiki simama mbali kidogo, usipige penye nyaya na beringi. Kwa wengine wote, ndoo mbili, sabuni na brashi vyatosha. Lakini usitumie bomba la kupulizia dawa za tumbaku kuoshea vyombo au kitu chochote cha nyumbani.

MASWALI MATATU

Siku ya kununua, baba na mama mwende pamoja. Mtake mashine iwashwe mbele yenu, ibebe mzigo, siyo ingurume tu. Mtake risiti na karatasi ya dhamana, na mwulize kama vipuri vyapatikana Tabora. Ile yangu ilikaa miezi minne bila kazi kwa kukosa kipuri kidogo kisichozidi kidole. Mwenye duka alikwisha kupokea fedha, hakuwa na habari nami tena.

Lakini kabla ya safari hiyo, kaeni nyumbani mjibu maswali matatu. Kitu hiki tutakitumia siku ngapi kwa mwezi? Kitakula nini kila siku, na kwa bei gani? Na nani nyumbani atakibebea chakula hicho? Mkiwa mmekubaliana katika yote matatu, nunueni kwa amani. Mkishindwa kulijibu hata moja, zirudisheni fedha sandukuni. Masoko ya mwakani yatakuja, na jenereta zitakuwako.

Kwetu watoto walipona usiku ule. Jenereta ingali ipo, kibandani mwake mwisho wa ua, na mke wangu ndiye ashikaye ufunguo.